Zamu ya Brescia

Mwenzangu alinivunja jino kwa sababu ya mji wa Brescia, mji ambao mimi sijaukanyaga wala yeye hajaukanyaga. Nami nikamvunja mkono. Hayo yalitokea jikoni kwetu Barking, asubuhi ya Januari, mvua ikipiga dirishani, na mjukuu wetu amekaa mezani na kompyuta yake akitutafutia treni.

Nikisema mwenzangu nina maana ya mke mwenzangu. Tuliolewa na mume mmoja huko Malindi, yeye bi mkubwa na mimi bi mdogo. Mume alikufa zamani, akazikwa, sisi tukabaki. Jina la mwenzangu nalijua, na la mamake, na la nyanya yake aliyemlea, na la mkunga aliyemzalisha. Mimi majina hayanitoki. Shule niliishia darasa la tatu na kuandika najikongoja, lakini mtu akinitajia jina mara moja tu, limekaa. Humu siandiki hata moja, maana wengine wako hai na wengine wana watoto.

Binti yangu ni nesi, ndiye aliyenileta Landani. Mwenzangu naye aliletwa Uingereza na mwanawe, mtoto wake wa pekee, anayeendesha teksi Glasgow. Alikaa kule majira mazima ya baridi ya mwaka jana. Kisha binti yangu akaenda kuwatembelea, na mwenzangu, ambaye alimlea naye pia, akamshika mkono akamwambia, "Nipeleke kwa yule adui yangu." Adui ndiye mimi. Akaja na mkoba mmoja. Alisema Glasgow baridi ni kali mno.

Wiki ile ile nikamtia hina ya nywele bafuni. Alivua blauzi isije ikaharibika. Mikono yake, huku juu karibu na bega, ilikuwa na alama za rangi ya manjano na ya zambarau. Vidole vinne upande mmoja, gumba upande wa pili. Mkono wa kulia hivyo, wa kushoto hivyo.

"Nini hiki?"

"Niliteleza kwenye barafu."

"Barafu ya Glasgow ina vidole?"

Akachota hina bakulini akanizaba kofi nayo. Nilikaa na alama ya kiganja chake usoni, nyekundu, mpaka ngozi ikachoka nayo yenyewe. Watu wa msikitini waliniuliza kuna harusi ya nani. Sikumwuliza tena habari ya barafu, naye hakuniambia, lakini kila simu ya mwanawe ikilia niliona vidole vya miguu yake vikijikunja ndani ya soksi.

Sasa, Italia.

Malindi yetu imejaa Wataliano. Watoto wa mtaani wanasema ciao kabla hawajajifunza shikamoo. Mimi nilipika katika nyumba moja ya Wataliano, nikapika mpaka nikaota mvi, na mwenzangu alikuwa akifua pale pale. Wenye nyumba walikuwa watu wa Verona, na wageni wao walitoka miji ya jirani na kwao, wakija kila mwaka kukimbia baridi. Alikuwapo wa Torino, mwanamke akikaa juani anageuka rangi ya kamba aliyechemshwa. Alikuwapo mzee wa Bergamo aliyelia machozi nilipompa sima, kwa kuwa kwao wanaila, yao ya manjano, wanaiita polenta. Wa Padova alikuwa daktari wa meno, akisema nawe anakutazama mdomoni, hakutazami machoni. Nilijua majina yao wote, na ya mbwa waliowaacha kwao.

Mama wa Verona ndiye aliyenifundisha kupika wali wao, ule wa majimaji unaokorogwa bila kupumzika. Mimi nakoroga, yeye amekaa juu ya meza anavuta sigara, ananitajia stesheni za kwao. Torino, Vercelli, Novara, Milano. Ukitoka hapo Treviglio, Brescia, Desenzano, Peschiera, ndiyo Verona. Mbele Vicenza, Padova, Mestre, na treni inakwisha majini, Venezia. Niliyashika kama watoto wa chuoni wanavyoshika alifu kwa kijiti. Aliniambia barabara za kwao Verona zimetandikwa jiwe la rangi ya waridi, watu wanakanyaga tu. Nikataka kulikanyaga. Sikumwambia mtu. Mtu anayepika jikoni kwa wenyewe atasemaje kwamba anataka kwenda Verona?

Mwenzangu hukasirika nikisema nawajua Wataliano. "Wewe unajua walichokula," husema. "Mimi nimefua mashuka yao. Najua walichofanya."

Basi mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, msichana mkubwa mwenye kazi ya ofisini, akatusikia tukigombana kama Vicenza iko kabla ya Padova au baada. Huyu amezaliwa hapa hapa, Kiswahili anakisikia chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Akacheka, akasema atatupeleka. Majira ya kuchipua, baridi ikishavunjika, tutapanda treni hapa Landani, tupite Paris, tuingie Torino, tushuke mji baada ya mji mpaka Venezia. Sisi watatu.

Nilikwenda chooni nikafunga mlango nikalia. Nilipotoka nikamkuta mwenzangu anangoja zamu ya choo, naye macho mekundu. Akanisukuma kwa kiwiko, akaingia.

Binti yangu alikubali kwa sharti moja. Alitukalisha kitini kama watoto. "Mama, na wewe Mama mkubwa, nisikilizeni. Kazini naosha damu za watu, sitaki kuosha damu nyumbani. Damu ikimwagika tena humu ndani, Italia hakuna, na Mama mkubwa anakwenda Glasgow kwa mwanawe, anakaa huko moja kwa moja."

Alisema hivyo kwa kuwa muda si mrefu mwenzangu alikuwa amenipiga na chupa ya sosi kwa ajili ya rimoti. Hakujua anatishia nini. Mimi nilijua. Nikamtazama mwenzangu. Alikuwa anatazama zulia.

Tukaanza kupanga, na hapo tukafanya jambo ambalo nadhani halijafanywa na msafiri yeyote. Tuligawana miji kwa zamu.

Walioolewa peke yao hawawezi kulijua hili. Mume mwenye wake wawili hulala huku kwa siku zake, kisha kule kwa siku zake. Siku za zamu yako wewe ndiye mwenye nyumba: unaamua kinachopikwa, nani anakaribishwa, redio ifungwe au ifunguliwe. Mwenzako anakaa upande wake. Sisi tuliishi hivyo miaka yote, na hatukujua njia nyingine ya wanawake wawili kuwa mahali pamoja. Mume wetu alikuwa mtu wa haki katika hilo. Alilala kwa zamu na alipiga kwa zamu. Mkanda wake ulitundikwa kwenye msumari ukumbini, katikati ya milango yetu miwili, usije ukaonekana ni wa chumba cha mtu.

Kwa hiyo bi mkubwa akaanza, kama ilivyo desturi. Torino yake, Milano yangu. Brescia yake, Verona yangu. Padova yake, Venezia yangu. Mwenye mji atachagua kitanda cha dirishani, atachagua tule nini na twende wapi, na mwenzake atafuata nyuma na kufunga mdomo. Mjukuu wetu alituuliza kwa nini tusichague wote pamoja. Tulimtazama kwa huruma.

Na mambo yalikwenda vizuri! Wiki nzima mwenzangu alikuwa akitafakari Brescia yake. Hakujua kuna nini, hakutaka kuambiwa. "Nitajionea," alisema. "Wewe utafuata nyuma."

Hiyo asubuhi ninayoisimulia, mwenzangu alikuwa anasukuma chapati. Mimi nakunywa chai. Mjukuu akatwambia mkuu wake wa kazi amempunguzia likizo, kwa hiyo mji mmoja lazima uanguke. Akauangusha Brescia, kwa sababu ndio ambao hakuwahi kuusikia.

Kifimbo cha chapati kikasimama.

"Basi Verona ni yangu," akasema mwenzangu.

"Verona ni yangu tangu mwanzo."

"Torino yangu, Milano yako, inayofuata yangu. Inayofuata sasa ni Verona. Utakaaje na zamu mbili mfululizo, umekuwa nani?"

"Brescia ilikuwa yako, imeanguka, na zamu imeanguka nayo."

"Nani kasema?"

"Wewe. Tena na mchi mkononi."

Hapo alikumbuka. Mwaka mmoja mume wetu alikwenda Mombasa kwenye msiba, na siku zangu mimi zikaishia huko huko. Aliporudi ilikuwa zamu ya mwenzangu. Nikasema nirudishiwe siku zangu. Mwenzangu akasimama kwenye mlango wake na mchi wa kutwangia, akasema, "Zamu ikishapita imepita." Nilitaka kumpita. Mchi wa kwanza ukanishukia begani. Wa pili ulikuwa wa kichwa, nikainama, ukaondoka na herini yangu pamoja na ndewe ya sikio. Sikusikia maumivu, nilisikia joto shingoni tu. Nikakimbilia jikoni, mafuta ya mahamri yalikuwa motoni. Mpaka leo paja lake la kushoto limekunjamana kama karatasi iliyoloa ikakaushwa. Mume alitoka msikitini akakuta damu na mafuta sakafuni. Akatoa mkanda msumarini akatupiga wote wawili, na siku hiyo hakuuliza zamu ni ya nani.

"Lile lilikuwa la mume," akasema mwenzangu polepole. "Hili ni la treni."

"Kanuni ni ile ile."

"Mume mwenyewe ulikuwa humtaki. Ulitaka kunishinda tu."

"Na wewe Verona huitaki. Unataka kunishinda tu."

"Nyanya, please," akasema mjukuu.

Mwenzangu akaweka kifimbo begani kama mwanajeshi. "Nikwambie habari ya Verona? Yule mama yako unayemsifu, wa sigara. Nani alikuwa akimkatia majani bustanini?"

"Mume wetu. Kwani nani hajui?"

"Majani yanakatwa mchana wa jua kali, mlango umefungwa? Mimi nimefua mashuka ya nyumba ile, bi mdogo. Wewe ulikuwa jikoni unakoroga wali, unaimba majina ya stesheni."

Nikammwagia chai ya uso. Ilikuwa imepoa kidogo, namshukuru Mungu, lakini haikuwa imepoa sana. Alipiga kelele, akanipiga kifimbo cha mdomo. Nilisikia jino likivunjika kabla sijalisikia likiuma, mlio kama wa mtu anayetafuna karanga na ganda lake. Damu ikanijaa kinywa. Nikaushika ule mpini wa kikaango cha chuma, chapati bado ndani yake, nikamlenga kichwa. Ndiyo, kichwa. Akakinga kwa mkono. Chapati ikaruka ikaganda dirishani. Mkono ukapiga mlio wake nao, na kile kiganja kikaning'inia vibaya, kama cha mwanasesere. Hata hivyo hakukaa chini. Alinirukia na ule mzima, akanishika nywele, tukaangusha kiti, tukaangusha kompyuta, tukaanguka sisi. Nilimng'ata. Nilikuwa sina jino la mbele lakini nilimng'ata. Mjukuu wetu alikuwa juu ya meza, magoti kifuani, anapiga kelele kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Acheni! Acheni! Mtauana!"

Ndipo tukaacha, tukamtazama. Hatukuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo.

Hospitalini nesi alitaka kujua mkono umevunjika vipi, na hawakumruhusu mjukuu kutafsiri. Wakapiga simu, wakaiweka mezani iseme kwa sauti. Ndani yake alikuwamo mwanamume, Kiswahili chake cha Kongo, adabu tele.

"Mama, munganga anauliza mkono umevunjika namna gani."

"Kikaango," akasema mwenzangu.

"Ulianguka juu ya kikaango?"

"Kikaango kiliniangukia mimi."

"Nani alikuwa amekishika?"

"Mke mwenzangu. Huyu hapa, mwenye mdomo wa damu. Na mdomo nimempasua mimi, muandike na hilo."

"Mama, niseme hivyo hivyo?"

"Wewe kazi yako si kusema? Sema."

Yule nesi alisikiliza, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akauliza tena. Simu ikasema, "Anauliza, unaogopa kurudi nyumbani?"

Mwenzangu akainua macho akatazama taa ya darini.

"Nyumbani wapi?"

"Anasema Barking."

"Barking siogopi," akasema.

Nesi akaridhika na jibu. Mimi nilikuwa nimekaa pale na tambara mdomoni, na jibu lile likanikaa kifuani kama mwiba wa samaki. Kwenye basi la kurudi nikamwuliza kama yale ya Verona na mashuka ni kweli. Akasema amesahau.

Binti yangu hakupiga kelele. Alitazama mkono wa mwenzangu uliofungwa plasta, akatazama ufizi wangu, akapiga simu Glasgow. "Njoo Jumamosi umchukue mama yako," akasema. Kisha akaenda kubandua chapati dirishani.

Siku zilizobaki niliishi na mtu aliyekwisha kufa. Mwenzangu alikuwa hali chakula. Hakuweza kujifunga leso kwa mkono mmoja, nikawa namfunga mimi, na nikifunga nasema naye.

"Mwambie binti habari ya barafu."

"Barafu gani?"

"Mwambie, au nitamwambia mimi."

"Ukifungua mdomo," akasema, "nayatoa yote yaliyobaki. Yule ni mwanangu. Mimi ninaye mmoja. Unataka waje polisi wamfunge, halafu watu wa Malindi waseme nini? Mwana wa fulani kafungwa kwa kumpiga mamake?"

"Atakuua."

"Na wewe ulitaka kufanya nini na kikaango?"

Nitaandika hapa nilichokuwa nafikiri. Mtu wa kunipiga ninaye mmoja vilevile. Wote waliotujua tukiwa vijana wamekufa. Nikitaja jina la yule mzee wa Bergamo, au la mkunga, au la mbuzi tuliyemfuga uani, ni yeye peke yake duniani anayeweza kuniambia, "Mwongo wewe, hakuitwa hivyo." Akienda Glasgow akafia kule, nitayataja majina ukutani, na ukuta utakubali kila kitu.

Jumamosi mwanawe akaja. Mtu mzima sasa, mnene, mvi kidevuni, na mabega ni yale yale ya babake. Alileta biskuti. Aliniamkia vizuri, "Shikamoo Mama mdogo," akala wali wa binti yangu, akamsifu. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye kochi tangu alfajiri, buibui limeshavaliwa, mkoba magotini. Mjukuu wetu alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakula.

"Haya mama, twende. Njia ni ndefu."

"Nasali kwanza."

"Umeshasali."

"Nasali tena."

Akacheka akatutazama, kama mtu anayesema mmeona. Akamshika. Alimshika kwenye plasta, pale pale, akavuta. Mwenzangu akatoa mlio mdogo. Nimempiga mwanamke yule kwa mwiko, kwa kiatu, nimemchoma mafuta, na sikuwahi kumsikia akitoa mlio wa namna ile. Ulikuwa mlio wa mtu aliyezoea.

"Ndivyo anavyofanya kule," nikasema kwa sauti. "Binti, tazama. Ndivyo alivyokuwa akimfanya kule. Hakuteleza kwenye barafu."

"Nyamaza!" mwenzangu akapiga kelele, akanirushia mkoba. Ukanipiga usoni, kwenye ufizi wenye nyuzi, nikaona nyota. Akanipiga mimi! Mwanawe kamshika mkono uliovunjika, na mimi ndiye ninayepigwa.

"Mama, inuka," akasema mwanawe, na safari hii hakucheka. Akaupinda.

Nilikuwa na mkongojo wangu. Nikampiga nao sikioni. Akaachia, akageuka, akanisukuma kifuani kwa viganja vyote viwili. Nikaruka nikagonga ukuta, picha ya Makka ikaanguka, kioo kikamwagika kichwani kwangu. Nilikaa chini na pumzi imetoka. Aliinua mguu. Sijui alikuwa anataka kunipiga teke au kunivuka, hilo anajua yeye na Mola wake.

Mwenzangu aliinuka kutoka kwenye kochi kama msichana. Akampiga na plasta, usoni, na kila pigo lilimuumiza yeye mwenyewe, nilimwona. "Usimguse!" akasema. Plasta puani. "Usimguse huyu!" Plasta mdomoni. "Huyu wa kupigwa na mimi! Na mimi! Wewe nani?"

Jitu lile lilijikinga uso kama mtoto. Damu ikamtiririka mpaka kwenye shati. Binti yangu, aliyekuwa amesimama na sahani mkononi muda wote huo, akaiweka chini, akaenda akafungua mlango wa nje.

"Toka," akamwambia kaka yake.

"Unaona walivyo? Hawa wazee ni wehu—"

"Toka nyumbani kwangu. Nimeuona mkono wako ulivyomshika. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuona mikono. Ukirudi, polisi."

Akatoka. Biskuti zake zikabaki mezani. Mwenzangu akamfuata mpaka mlangoni, nikadhani anataka kumlilia. Alimtupia kofia aliyoisahau, maana ngazini kulikuwa na baridi.

Mkono ulibidi ufungwe upya. Watu wa kuangalia wazee walikuja wakauliza maswali, wakaenda, wakarudi. Binti yangu aliwaambia la Glasgow pia, mwenzangu akanuna wiki nzima, hakumnunia binti, alininunia mimi. Mwanawe hupiga simu siku za Ijumaa. Mwenzangu huipokea, husema, "Umekula?" akisikia jibu hukata. Sijui kama hiyo ni huruma au adhabu. Sijamwuliza.

Italia tunakwenda. Binti yangu alisema hana nguvu ya kutukataza, na tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Mjukuu alitaka kutukatia vyumba viwili kila mji, yeye alale na mmoja wetu kwa zamu, mwingine afungiwe mlango. Mwenzangu akakataa.

"Chumba kimoja," akasema. "Nikimwacha peke yake atamhadithia kila Mtaliano majina, na atayakosea yote."

"Sijakosea jina hata moja tangu nizaliwe," nikasema.

"Mbwa wa daktari wa Padova aliitwa nani?"

Nikamtajia.

"Huyo alikuwa wa Torino."

"Wa Padova!"

"Tutawauliza wenyewe," akasema. Alikuwa anamenya viazi kwa mkono wake mpya, polepole, vidole bado havijakunjika sawasawa, na mjukuu wetu alikwisha sogeza kompyuta yake mwisho wa meza. "Na Verona," mwenzangu akaendelea, "msidhani nimelisahau. Hilo bado hatujalimaliza."

Nikamwambia aweke kisu chini kwanza, ndipo tuzungumze.